Nusu Nyingine ya Historia ya Rafu

Anitha mwanangu,

Umekwenda Kibimba kumuaga bibi yako, umeniachia nyumba na begi lililofungwa tayari. Nimelifungua mara mbili nitafute ulichosahau, nikakuta hujasahau kitu. Kwa hiyo sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kuchagua chumba cha kupanga. Umekaa chuoni Mwanza miaka mitatu bila mimi, na ulirudi mzima.

Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili hatujaongea vizuri, na kesho asubuhi basi halitasubiri tumalize kununiana.

Uliponiambia kwamba kazi uliyopata Dar es Salaam ni kwenye kampuni ya Rafu, nilikuwa nachambua maharage. Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Kampuni zote zilizojaa nchi hii, ukaona hiyo?" Ukasema ulituma maombi kila mahali na ni wao tu waliokuita. Nikasema unakwenda kuwatumikia watu walionitupa kama boksi tupu la dawa. Kisha ukachukua simu yako, ukanifungulia ukurasa wao wa "Historia Yetu" ili nione kwamba siku hizi ni kampuni ya heshima. Najua ulitaka kunituliza. Ulinichoma.

Nimeusoma ule ukurasa wote. Unasema kampuni ilianzishwa na kijana mmoja mwenye maono, peke yake, akiwa na kompyuta moja. Kuna picha yake amekunja mikono. Halafu zinafuata hospitali kubwa, maghala ya mbolea, viwanda, nchi jirani, jengo la ghorofa. Nyakanazi haipo. Nyakahura haipo. Jina langu halipo. Nililitafuta kwa kidole mpaka chini kabisa, kule kwenye anwani na namba za simu.

Mwanzo wa habari hii unaujua, nimekuchosha nao tangu ukiwa darasa la nne. Nitaurudia hata hivyo, kwa sababu safari hii nataka niifikishe mwisho.

Nilikuwa mtunza stoo ya dawa kwenye zahanati hapa Nyakahura. Deo alikuwa kijana wa Kibimba aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi, akaitwa kutengeneza kompyuta ya mganga mfawidhi. Kompyuta ilimshinda, ilikuwa imekufa kabisa. Lakini wakati anasubiri gari la kurudi, alikaa stoo kwangu akawa ananitazama naandika leja.

"Dada Sabina," akaniuliza, "unajuaje dawa itaisha lini?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia. Siku za mnada watu wanatoka mbali na ng'ombe wao, na wanaleta wagonjwa safari hiyo hiyo, kwa hiyo wiki ya mnada usihesabu kama wiki nyingine. Mvua zikianza, malaria haiji siku hiyo, inakuja baadaye, wakati ambao watu wameshaanza kupalilia. Barabara za ndani zikiharibika, gari la dawa litachelewa, kwa hiyo unaagiza kabla hujapungukiwa. Deo alijaza daftari zima. Nilidhani ananitania. Baada ya mwezi mmoja na nusu akarudi na kompyuta ya kuazima, akanionyesha orodha ya dawa zangu zote, na zilizokaribia kuisha zilikuwa na rangi nyekundu. Alikuwa amepatia zote isipokuwa moja. Nikamweleza alipokosea, akarekebisha pale pale, amekaa juu ya katoni la glovu.

Jina la Rafu nililitoa mimi, kwa sababu kila jioni kabla ya kufunga nilikuwa natembea mbele ya rafu nikizitazama moja moja. Deo alisema watu watacheka, watadhani tunacheza rafu kama mpirani. Walicheka kweli. Lakini hawakulisahau.

Tulipanga chumba Nyakanazi, nyuma ya gesti, kwa sababu pale kulikuwa na umeme na ukitoka mlangoni unapata gari la Kibondo, la Ngara, la Biharamulo na la Kahama. Malori yalikuwa yananguruma hadi meza inatetemeka. Niliacha kazi ya zahanati. Baba yako hakupenda, na alikuwa na haki ya kutopenda, kwa sababu sikumuuliza, nilimwarifu.

Hapo ndipo habari ninayokusimuliaga huanza kudanganya. Siku zote nakuambia tulikuwa wawili, mimi na Deo. Tulikuwa watatu.

Wa tatu aliitwa Yusufu. Alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi mjini Biharamulo, mtu mzima mwenye mke na mtoto, mdogo kwangu kwa miaka michache. Deo alitengeneza mfumo na kuuweka kwenye simu za wauguzi, mimi nilijua dawa, lakini Yusufu ndiye aliyeupeleka kwa watu. Alikuwa anaenda kwa pikipiki zahanati hadi zahanati, anakaa na muuguzi mpaka ajue. Alikuwa na mtindo wa kuweka mikono yake nyuma ya mgongo wakati anafundisha, ili asishawishike kushika simu ya mwanafunzi na kumfanyia. Kila tatizo alilokutana nalo aliliandika kwenye daftari kubwa: siku, mahali, nani kalalamika, nini kimetokea. Bila yeye Rafu ingebaki kwenye chumba chetu nyuma ya gesti. Kampuni ilikua kwa sababu muuguzi wa kituo kimoja alimwambia wa kituo kingine, "Wapigie wale, yupo kaka mmoja anafundisha vizuri."

Tukapata zahanati za Biharamulo, tukapata za Ngara, tukavuka mpaka mikoa mingine. Ndipo akatokea mwekezaji kutoka Dar es Salaam, na nyuma yake uongozi wa kundi la hospitali uliotaka kuona Rafu inavyofanya kazi kabla ya kusaini mkataba. Walipanga kuja wiki ile ile ambayo Yusufu alirudi kutoka zahanati moja iliyo mbali na lami, akanikuta peke yangu.

"Dada, mfumo unahesabu mara mbili."

"Kivipi?"

"Muuguzi akiingiza dawa, mtandao ukikatika katikati, simu inarudia kutuma. Kule kwetu inaandikwa mara mbili. Nimekwenda kwenye rafu mwenyewe. Kuna boksi sita. Simu inasema kumi na mbili."

"Umemwambia Deo?"

"Nimeanza na wewe. Wewe ndiye mkubwa wangu."

Nilifikiri, Anitha. Sikujibu kwa hasira wala kwa pupa, ndiyo maana siwezi kujitetea. Nilimjua Deo. Angesikia hilo, angesimamisha kila kitu, angewaambia wageni wasije mpaka arekebishe. Nikasema, "Tusubiri wasaini kwanza. Usimwambie mtu."

"Na wauguzi?"

"Wana macho. Wataona rafu iko tupu."

Yusufu akaniangalia. "Tuliwaambia waache leja, dada."

Ni kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyepita kuzikusanya, nikijisikia kama mtu anayewatua watu mzigo. Muuguzi mmoja aliniomba abaki na yake, nikamcheka.

Wageni walikuja, onyesho likaenda vizuri, wakasaini. Nilikusudia kumwambia Deo Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na wageni wengine. Wiki iliyofuata tulichinja mbuzi. Iliyofuata nikapewa cheo cha mkuu wa huduma kwa wateja, na ilionekana ajabu kuanza cheo kwa kusema kuna kitu nilikificha. Sikukusudia ubaya wowote. Kila wiki nilikusudia Jumatatu.

Kisha kwenye zahanati ile ile ya mbali na lami akaletwa mtoto wa kike mwenye malaria kali, wa familia moja ya Wasukuma waliohamia huko na mifugo. Simu ilisema sindano zipo. Muuguzi hakuwa ameagiza nyingine kwa sababu simu ilisema zipo. Alipofungua boksi la mwisho likawa tupu. Baba wa mtoto akampakia kwenye pikipiki ya kukodi kwenda hospitali, yeye nyuma na mtoto katikati, njia yote ile mbovu. Mtoto alipona. Lakini tangu hapo hasikii vizuri. Hakuna daktari aliyeniambia ni kwa sababu walichelewa. Wala hakuna aliyeniambia siyo. Namwona sokoni hapa Nyakahura na mama yake, na mama yake akitaka kumwambia kitu humgusa bega kwanza ili ageuke amtazame mdomo.

Malalamiko yakafika juu. Deo akaja na meneja mpya kutoka Dar es Salaam, tukakutana kwenye ukumbi wa gesti Nyakanazi, mimi, wao na Yusufu. Meneja ndiye aliyeuliza.

"Nani aliwafundisha pale?"

"Mimi," Yusufu akasema.

"Uliwafundisha kulinganisha simu na rafu kila wiki?"

"Niliwafundisha. Lakini tatizo siyo wauguzi. Mfumo unahesabu mara mbili mtandao ukikatika. Nilishatoa taarifa."

"Kwa nani?"

Yusufu hakunitaja. Aliniangalia tu, akinipa nafasi niseme mwenyewe. Deo naye akageuka kwangu. "Dada Sabina, aliwahi kukwambia?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Neno moja tu. Sikusema uongo mrefu, sikumsingizia kitu. Lakini meneja alifunga faili lake. Yusufu akainama kuchukua daftari lake kubwa lililokuwa sakafuni, akalifungua ukurasa ambao tayari alikuwa amekunja kona, kisha nadhani aliona hakuna maana. Kwa sababu kilichoandikwa humo ni mkono wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshasema. Akalifunga. Wiki ile aliachishwa kazi kwa kosa la kufundisha vibaya. Tatizo la kuhesabu mara mbili likarekebishwa kimya kimya, na Deo hakuwahi kuniuliza tena. Siku nyingine nafikiri alijua. Siku nyingine nafikiri aliniamini, na hiyo inaniumiza zaidi.

Yaliyofuata ndiyo unayoyajua, kwa sababu ndiyo nusu ninayopenda kuisimulia. Tukahamia Mwanza. Wakaja watu wa maghala ya mbolea, wakaja wauzaji wa jumla, mfumo ukaongezewa mambo mengi hadi mimi mwenyewe nikawa napotea ndani yake. Zahanati ndogo zilizotuanzisha zikawa zinapigiwa simu na mtu asiyejua Nyakahura iko upande gani. Nilipinga mikutanoni. Wakanisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgonjwa wa zamani. Mwisho wakaniambia ofisi inahamia Dar es Salaam, na kabla ya hapo wanaomba niwafundishe vijana wapya yale ninayoyajua. Siku tatu niliongea mbele ya kamera: mnada, mvua, barabara, kuagiza mapema. Siku ya nne nikapewa barua ya shukrani na mkoba wenye nembo.

Nilirudi hapa na hasira ambayo nimekulisha wewe. Kila ulipofanya kitu vizuri nikakwambia angalia, wasije wakakufanyia kama walivyonifanyia. Kila mtu aliyekusifu nikakwambia anataka kukutumia. Nilidhani nakulinda. Sasa naona kwamba mwaka wa pili ule, rafiki yako wa chuo alipokuomba mfanye kazi pamoja ukakataa, ukaniambia kwenye simu kwa sauti ya kujivunia, "Mama, sikumwamini," hiyo ilikuwa sauti yangu. Hilo sijui nitalitoaje ndani yako. Pengine utalitoa mwenyewe, pengine halitoki.

Jumapili jioni, baada ya kuusoma ule ukurasa, nililala na hasira. Jumatatu niliamka nayo. Ilikuwa mchana, nikiwa shambani, ndipo nilipojishtukia kwamba nililitafuta jina langu mara tatu, na jina la Yusufu sikulitafuta hata mara moja. Nilitupa jembe. Nakwambia ukweli, sikujisikia majuto kwanza. Nilijisikia kuudhika, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilitaka kubaki mimi niliyedhulumiwa. Ni nafasi ninayoijua.

Jumatano nilipokwambia nakwenda Biharamulo kununua dawa ya mahindi, nilikwenda kwa Yusufu. Bado ana kibanda, sasa ni duka kubwa kidogo, anatengeneza simu pia. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, dada."

Nilishindwa kuitikia vizuri. Nikamwambia nilichokuja kusema, nimesimama pale pale kaunta, mteja mmoja akiwa anasubiri chaja. Nikasema nilikumbuka siku ile. Nikasema nimekumbuka kila siku.

Yusufu akampa mteja chaja yake, akasubiri aondoke. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza dirisha sahihi la ofisi, "Mimi unaniambia nini, dada? Mimi nilikuwepo. Kamwambie mama Rehema. Yeye ndiye aliyeishi na mtu aliyeumiza mtoto wa watu."

Nyumba iko nyuma ya duka. Mama Rehema, mke wake, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote, tangu boksi sita na kumi na mbili. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kuchagua mchele kwa muda, akatoa vijiwe viwili, akaviweka pembeni.

"Mama Anitha," akasema, "unajua nilikuwa namkataza kumpeleka Rehema hospitali peke yake? Miaka. Nilimwambia wewe huangaliagi vizuri. Mbele ya mtoto."

Nilivitazama vile vijiwe viwili.

"Aliniambia mara moja tu kwamba alitoa taarifa. Nikamuuliza, sasa huyo uliyempa mbona hakusema? Akanyamaza. Nikajua anatafuta sababu." Akasimama, akaweka ungo chini. "Uandike. Kwa mkono wako, uweke jina lako. Rehema ni mkubwa sasa, atasoma. Na wao wa kampuni wasome." Akatoka kwenda dukani kwa mume wake, akaniacha mle ndani peke yangu. Hawakurudi. Baada ya muda nikatokea mlango wa nyuma.

Kwa hiyo hii ni barua ya tatu wiki hii. Ya kwanza niliiandika Alhamisi, ya Rehema, ilikuwa ngumu kuliko hii. Ya pili ni ya Deo. Niliipiga picha, nikamtumia kwenye simu leo asubuhi, kwa sababu namba yake sijawahi kuifuta. Nimemweleza nani alitoa taarifa, lini, na nani alisema hakumbuki. Nimemwomba amrudishie Yusufu heshima yake kwa maandishi. Sijamwomba kitu kwa ajili yangu, na nakiri nilitaka. Nilikuwa nimeandika sentensi moja juu ya ule ukurasa, nikaikata. Alama za kuonyesha ameisoma zimegeuka bluu saa nne. Mpaka sasa hajajibu.

Najua maana yake kwako. Unakwenda kuanza kazi Jumatatu kwenye kampuni ambayo mkuu wake ametoka kusoma barua ya mama yako. Wanaweza kukupokea. Wanaweza kukuambia nafasi imeshajazwa. Ningekuuliza kabla ya kutuma, ungeniomba nisubiri kidogo, mpaka usaini mkataba wako, na ungekuwa na sababu nzuri, na mimi ningekubali kwa sababu nakupenda. Ndiyo maana sikukuuliza. Nimekukosea katika hilo, na sioni ni kwa njia gani nisingekukosea. Kukasirika, kasirika. Baba yako ameshakasirika kwa niaba yako. Yuko nje anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Kesho nitakusindikiza mpaka Nyakanazi. Barua hii nitakupa mkononi basi likiwa tayari linaondoka, kwa sababu sitaki uisome nikiwa nakutazama. Utakuwa umeshashika njia ya Kahama utakapoimaliza. Ukitaka kunipigia, piga. Usipotaka, nitajua umefika kwa kupitia bibi yako.

Na Deo akikuita ofisini akakuuliza kama ulikuwa unajua, mwambie ulijua kuanzia ndani ya basi. Itakuwa kweli, na hutahitaji kuongeza neno.

Ni mimi niliyekuzaa,
Sabina, mtunza stoo
Nyakahura